Besi ya Benchi la Mbele

Mpiga besi wa kwaya yetu hugusa vitufe vya amplifaya kama mtu anayeonja chumvi: anashusha sauti nyembamba, anapandisha nzito, anainamisha kichwa, anarudisha kidogo. Kisha hupapasa benchi la mbele, maana mama yake, anayeketi hapo, hasikii; wimbo huufuata kwa mtetemo wa mbao. Mungu anisamehe, nilimtania kijana huyo, "Mwanangu, leo umetikisa hadi meno yangu ya bandia!" Jumapili moja mwalimu wa kwaya alichoshwa na mngurumo huo. "Punguza, au hilo gitaa libaki nyumbani." Akapunguza. Tukiwa ubeti wa pili tu, mama yake akafunga kitabu cha nyimbo, akasema kwa nguvu, "Amina!" Mwalimu akaenda mwenyewe kwenye amplifaya, akapandisha besi mpaka mama akafungua kitabu tena.