Bawa Nililolipiga Msasa

Andika, mjukuu wangu Zuhura, wala usipambe. Baba yangu ni Selemani Mbonde, mchimbaji wa sandarusi, ule utomvu wa miti ya kale uliogeuka jiwe ardhini. Mama yangu ni Somoe binti Athumani. Nilizaliwa nyuma ya Kilwa Kivinje, shule sikuuona hata mlango wake, na ujana wangu niliumalizia hapa Mtoni nikijifunza kuchonga vinyago.

Nilipoondoka nyumbani, baba alinipa donge la sandarusi lenye nyenje ndani. Mdudu alikuwa mzima, hata sharubu zake, na bawani palionekana mstari wa meno madogo kama ya tupa. Utotoni niliwakamata sana nyenje, nikajua hapo ndipo wanapokwaruza ili walie.

Nakumbuka asubuhi moja fundi wangu, Mzee Likwata, alikwenda kununua mpingo. Nilitaka akirudi alikute donge linang'aa, maana kwetu wachongaji kitu kisichong'aa hakijaisha. Nikalisugua kwa msasa hadi nikamfikia mdudu, nikapita juu ya bawa lake, nikamalizia kwa nta.

Mzee Likwata aliligeuza mkononi.

"Meno yako wapi?"

"Nimelisafisha, fundi."

"Umemsafisha nyenje ulimi! Siku ukipewa maiti uoshe, si utarudi na sanda tupu?"

Wenzangu walicheka hadi patasi zikawaponyoka. Yeye hakucheka. "Vumbi ulilopuliza hulirudishi," alisema. "Basi usije ukamwambia mtu kwamba ndivyo mdudu huyu alivyozaliwa."

Nami nimedanganya, mwanangu, kwa kunyamaza. Juzi ulipolichukua donge, ulinieleza kwamba chuoni mnatafuta lini wadudu walianza kupiga sauti. "Babu, mlio haugandi kwenye jiwe," ulisema, "sie tunasoma bawa tu. Hata mdudu aliyeishi kabla ya ndege, bawa likiwa na meno tunajua aliimba." Kisha ukaandika kwamba huyu wangu bawa lake ni laini, hakuwa na sauti. Nilikusikia ukisoma, nikaona haya, nikakaa kimya. Kesho unampelekea mwalimu wako donge hili, nami leo nakataa kunyamaza.

Maneno hayo si kweli. Andika kwamba alikuwa na meno, nimeyaona kwa macho yangu, na aliyeyaondoa ni mimi. Mwalimu akikucheka kwa kumletea ushahidi wa mzee asiyejua kusoma, mwonyeshe mikwaruzo chini ya nta. Msasa huacha njia zake.

Mwanangu, kosa langu lilikuwa langu peke yangu, mpaka nilipolificha. Sasa lilikuwa linageuka elimu ya watu. Ukiharibu kitu, sema ulichoharibu siku hiyo hiyo, kabla hajatokea wa kukiamini.

Mungu akupe jicho kali na ulimi usioogopa. Donge na liende kwa mwalimu. Wewe tunza daftari, na ukurasa ulioukosea usiuchane. Upige mstari mmoja tu, maneno yasomeke chini yake, kisha niletee wino niweke dole gumba langu pembeni.