Verlene Tibbs na Mpiga Drami Wake

Kabla jina lake halijaandikwa kwenye santuri yoyote, Verlene Tibbs alijulikana pale Macon, Georgia, kwa mambo mawili: sauti yake siku ya Jumapili, na mdomo wake siku nyingine zote. Alipiga pasi kwenye duka la dobi. Mteja aliyeleta suruali yenye matope aliondoka na suruali safi, na maneno makali ya Verlene juu yake.

Mwaka 1966 bwana Gaddis, aliyegeuza karakana ya matairi kuwa studio, alimsikia kwenye kwaya akamwomba arekodi wimbo wa mapenzi, wa polepole, wa kuliza watu. Mama yake alinuna.

"Sauti hiyo ni ya Mungu."

"Ni yake, mama. Lakini viatu vya kwendea kanisani nanunua mimi," Verlene akasema, akaenda.

Studio ile bado ilinuka mpira. Mpiga drami alikuwa Lavon Crumley, kijana mrefu, mpole, mzembe kupita kiasi. Kila walipofika kwenye kiitikio alichelewa, wakaanza upya. Akachelewa tena, wakaanza tena. Mwishowe uvumilivu ukamwishia Verlene. Hakuacha kuimba. Alimgeukia tu, akamsema papo hapo, katikati ya wimbo:

"Lavon, mguu huo una nini? Umeuazima? Mrudishie mwenyewe! Piga hapa. Hapa. Hapa."

Kwa woga Lavon akapiga kila aliposikia "hapa". Mpiga besi akamfuata, tarumbeta zikadakia, na ule wimbo wa kuliza watu ukawa kitu ambacho mji ule haukuwahi kukisikia. Ulikuwa mzito, wa kukatakata, na mabega yalicheza yenyewe.

"Samahani, nimeharibu," Verlene alisema walipomaliza.

"Usiguse kitu," alijibu Gaddis. Mashine alikuwa hajaizima.

Santuri ilipotoka, vinyozi waliirudia mpaka ikakwaruza. Watoto walikimbizana barabarani wakiitana, "Mrudishie mwenyewe!" Mama alisema haisikilizi. Siku moja Verlene alimkuta jikoni akichambua mboga, redio inaimba wimbo ule ule, na mguu wake unagonga sakafu.

"Mama, unacheza?"

"Naua mende."

Gaddis sasa alitaka matusi zaidi. Walipokutana kwa santuri ya pili, Lavon alikuwa amenyoa, amefika kabla ya wote, na amemletea Verlene kipande cha mkate mtamu wa pichi. Alipiga bila kosa hata moja. Verlene alijitahidi kumgombeza, lakini hasira ya kuigiza ni kama chai ya jana, na wasikilizaji wakaionja. Santuri zile zilibaki kwenye maboksi.

Kwenye ya tatu, Gaddis alimvuta Lavon pembeni, akasahau kwamba kipaza sauti kinasikia.

"Chelewa kidogo, mwanangu. Mkasirishe."

"Siwezi, mzee. Mwaka mzima nimejifunza kuwahi kwa ajili yake. Nikichelewa leo atanionaje?"

Verlene alikuwa amevaa visikilizio, na yote akayapata. Kicheko kikamtoka kifuani, hakikuzuilika. Lavon alirudi kwenye ngoma zake masikio yamemwiva kwa haya. Verlene akaanza wimbo akiwa bado anacheka, na kicheko kile kikabaki ndani ya santuri, kati ya ubeti wa kwanza na wa pili. Hiyo ndiyo iliyompeleka Atlanta, Memphis, na hadi Chicago kwenye theluji.

Walioana masika yaliyofuata. Kwa miaka minane mingine Verlene alirekodi na mume wake nyuma yake, akimsema alipostahili. Wimbo wa mwisho ulihitaji mtu wa kupiga makofi, na mama, aliyedai amekuja kuleta kuku wa kukaanga tu, akasogea kwenye kipaza sauti bila kuitwa. Alipiga makofi kuliko vijana wote.

"Tukuandike jina gani, mama?" Gaddis aliuliza.

"Usiniandike. Mchungaji anajua kusoma."

Akafikiri kidogo.

"Andika 'dada mmoja wa kanisani'. Wenyewe watanijua."