Vichwa vya Darasa la Tatu

Mbeke hakuwa mtu wa kutulia. Hata chai ya saa nne aliinywa akitembea, kikombe mkono mmoja, vitabu mkono wa pili, na ukimwuliza habari anakujibu akiwa ameshakupita. Mimi Florence nilifundisha darasa la pili, yeye la tatu, na kati yetu palikuwa na ukuta wa mbao wenye nyufa, kwa hivyo mambo yake nayajua kuliko nilivyotaka kuyajua.

Alitoka Mwala akimfuata mumewe Nzioka, kibarua wa kiwandani kule Athi River, wakapanga chumba huku kwetu Kitengela wakati nyumbu bado walikuwa wakipita nyuma ya shule yetu kiangazi kikifika. Alifundisha miaka mingi bila cheti. Kisha serikali ikasema walimu wa aina yake wasome wakati wa likizo, wafanye mtihani wa cheti cha ualimu, P1, na asiyepita aende nyumbani. Karatasi zote alipita. Mtihani uliobaki ni ule wa kufundisha mbele ya mtahini kutoka wizarani, na hapo ndipo balaa ilipoanzia.

Sasa sikiliza. Kwetu Umaasaini mtoto hampi mtu mzima mkono. Anainamisha kichwa, mkubwa anakigusa, basi, wameshasalimiana. Mara ya kwanza, mwaka wa tisini na saba, alikuja bwana mmoja kutoka mbali, suti nyeusi, viatu vinang'aa. Sheria yao ni kwamba mtahini akikaa ndipo mtihani unaanza. Kukaa tu, watoto wote wakatoka kwenye madawati wakampelekea vichwa. Akarudi nyuma na kiti chake kama mtu aliyezingirwa na mbuzi. Akaandika kwamba darasa halina nidhamu, wanafunzi wanazurura. Wanazurura! Watoto wana adabu zao kamili, yeye anasema wanazurura! Nusura nimrushie dasta juu ya ukuta. Mbeke akaanguka.

Wakampa nafasi moja tu nyingine. Hapo mwanamke akawa hashikiki, halali, hali, hasikii. Kila asubuhi namsikia na hao watoto wake.

"Mgeni akiingia mnafanya nini?"

"Tunasimama!"

"Mnasema?"

"Good morning, sir!"

"Na kichwa?"

"Juuu!"

"Mwalimu, hiyo wacha," nilimwambia. "Utawaharibia watu watoto."

"Florence, wewe uko na cheti. Mimi niko na watoto watatu na kazi inaenda. Niache."

"Na wewe mwenyewe, hebu niambie, huwa unawagusa vichwa?"

"Na mikono gani? Huoni nimebeba vitabu?" Akaenda zake, anaongea peke yake.

Siku ikafika, matope yamejaa uwanjani. Gari la wizara likasimama, akashuka Mzee Parmuat. Mmaasai! Mtu wa kule Loitokitok, mvi kichwani, masikio yametobolewa. Nikasema moyoni, leo Mbeke amekwisha. Nikawapa watoto wangu hesabu za kunyamazisha, nikaweka jicho kwenye ufa.

Mzee alisimama mlangoni, mkono ameshaunyosha, kiganja chini, anangoja. Darasa likasimama kama askari. "Good morning, sir!" Vichwa juu. Ule mkono ukabaki hewani. Niliona aibu mpaka nikatamani kupitisha kichwa changu mwenyewe kwenye ufa.

"Hawa ni watoto wa nani?" akauliza kwa Kimaasai, taratibu. Kwetu hilo si swali la kujibiwa, mtu ameshatukanwa. Mbeke hakuelewa maneno, lakini aliona watoto wanavyotazama chini. Mzee akaenda nyuma ya darasa, akaonyeshwa kiti, akakataa. Akasimama, mikono mgongoni.

Mbeke akaanza somo lake la nusu na robo. Akachora duara, chaki ikavunjika. Akachukua nyingine, nayo ikavunjika. Kisha nikamsikia anasema, "Hapana. Haiwezekani." Akaweka chaki mezani. "Watoto, nendeni mkamsalimie mzee. Vile mnajua."

Wee! Madawati yalipinduka. Mzee aligusa kichwa kimoja kimoja, na kila mmoja akaulizwa baba yake ni nani, ng'ombe wako malisho gani, mama hajambo? Hakumharakisha hata mmoja, na lile darasa lilikuwa kubwa. Kengele ikalia. Kipindi kimekwisha, na ubaoni hakuna kitu ila duara bovu.

Mbeke akalipuka. "Mzee, mwaka jana nimeangushwa kwa sababu walitoa vichwa. Mwaka huu nimewakataza, naanguka. Nimewaruhusu, pia naanguka. Sasa, hivi vichwa niviweke wapi? Niambie!" Akalia pale pale mbele ya watoto, hakujificha. Nami upande wangu nikalia kwa hasira.

"Mwalimu," akasema Mzee kwa Kiswahili, "mtihani unaanza mtahini akikaa. Si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Mimi nimekaa?"

Mzee akavuta kiti, akakaa, akafungua kalamu. "Haya. Anza."

Watoto wengine wote walikuwa nje wanacheza, lakini wale wa darasa la tatu walibaki ndani, wala hakuna aliyenung'unika, wakagawanya lile duara mpaka robo zikawatosha. Alipita. Cheti kilifika kabla ya mwaka kuisha, na Nzioka akachinja jogoo.

Lakini mimi nakumbuka Jumatatu iliyofuata mtihani. Niliwahi shuleni nikamkuta Mbeke kwenye mlango wa darasa lake, vitabu ameviweka chini, mikono mitupu. Watoto wamepanga mstari, kila mmoja anainamisha kichwa, naye anagusa, anauliza jina la baba.

"Mwalimu, kengele imeshalia," nikamwambia.

"Ngoja," akasema Mbeke.

Miaka yote niliyomjua, lilikuwa neno geni mdomoni mwake.