Wa Nyangezi Hawakuchelewa

Nakumbuka vizuri asubuhi ya sikukuu ya parokia yetu hapa Bukavu, mwanangu. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, kiongozi mpya wa kwaya, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Watu walikuwa wengi mno, misa ikapelekwa kwenye uwanja wa mteremko. Sisi tulisimama chini karibu na altare. Kwaya ya Nyangezi, wageni wetu, ikawekwa juu kabisa. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo vipaza sauti havikufanya kazi.

Kabla ya misa tukafanya mazoezi. Tulisikia wa Nyangezi wakibaki nyuma, tukawangojea. Nao wakazidi kupunguza mwendo, mpaka wimbo ukafa.

Nikapaza sauti mbele ya wote: "Ninyi wa Nyangezi, munatuharibia sikukuu!"

Kiongozi wao, Maman Faida, aliyetembea na watu wake tangu alfajiri, akafunga kaye yake, daftari la nyimbo. "Basi, turudi kwetu."

Papa Buhendwa, mwalimu aliyenifundisha kuimba, akanishika mkono, akanipandisha hadi kwao. Akawasihi wote, juu na chini, waimbe tena. Nikasikiliza kutoka pale. Haya iliyonishika, mwanangu! Kutoka kule juu, waliochelewa walikuwa sisi.

"Sauti inatembea, mutoto," akaniambia. "Ya kwao inachelewa kufika kwako, ya kwako vilevile inachelewa kufika kwao. Kila mutu anangojea mwenzake, wote munasimama. Kosa iko moja tu, ile ya kutukana wageni."

Nikamwomba Maman Faida msamaha mbele ya watu walewale. Akafungua tena kaye yake.

Papa Buhendwa akasimama katikati ya mteremko, akainua leso nyeupe. Tukafuata leso ile kwa macho, hatukufuata masikio. Wimbo ukashikana, mama zetu wakapiga vigelegele. Papa Buhendwa na Maman Faida sasa ni marehemu, na mimi bado natamani kuimba nao.

Leo ndugu zenu wako Luvungi, wengine Ulaya. Jibu likikawia kwenye simu, mnagombana. Kabla hujamwita mwenzako mzembe, nenda ukasikilize kutoka pale aliposimama. Na mkiwa wengi, mbalimbali, kubalianeni jambo moja ambalo kila mmoja analiona, mlifuate.

Mungu akupe watu wa kuimba nao, mwanangu, na moyo wa kuwaomba msamaha wakiwa bado hai.