Unga wa Mizizi Aliotuma Dada

Dada yangu alikwenda Amerika kusomea uhasibu, akaishia kuuza vinywaji vya mitishamba. Alinieleza kwenye simu kwamba duka lao lilinukia ubani, na wateja walikuwa wanawake wa Kizungu waliotoka mazoezini na mikeka kwapani. Walikunywa mizizi ya Kichina iliyosagwa na kuchanganywa na maziwa ya lozi, wakaambiwa itawapa nguvu na kuwatuliza. Dada aliamini. Hilo huwa nalisema kwanza watu wanapomlaumu.

Mama alikuwa na presha. Aliishi peke yake Kianjokoma na shamba lake la chai na ng'ombe wawili. Mimi nilifundisha Siakago, kule chini kwenye joto, na kila mwisho wa mwezi nilipanda kumwona, nikimpitishia tembe zake kutoka kliniki. Mwaka mmoja dada alimpa mtu aliyekuwa akirudi nyumbani mikebe mitatu ya unga wa rangi ya udongo, maandishi ya Kiingereza mbele, ya Kichina nyuma. Niliipeleka mimi mwenyewe.

Mama alikoroga kijiko kimoja kwenye uji, akaonja. "Ni chungu," akasema. "Basi ni dawa."

Miezi miwili baadaye nilifungua kabati nikitafuta chumvi, nikakuta pakiti za tembe hazijaguswa.

"Mama, hizi humezi?"

"Dada yako alisema ule unga hauna kemikali. Na kichwa kimeacha kuuma."

"Alikwambia uache tembe?"

"Hakuniambia. Niliacha mwenyewe."

Nilirudisha pakiti mahali pake. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Niliondoka na mkebe mmoja uliokwisha.

Siku hizo Wachina walikuwa wakijenga barabara karibu na shule yetu, na fundi wao mmoja alizoea kuja kuchota maji kwenye tangi letu. Jumanne nilimwonyesha ule mkebe. Alisoma nyuma polepole.

"Hii mama yangu napika na kuku," akasema. "Baridi ikikuja."

"Inatibu presha?"

Alitoa tembe mfukoni mwa shati, aina ile ile ya mama. "Presha, mimi nameza hii, mwalimu."

Nilimshukuru nikarudi darasani. Nilijiambia nitapanda Jumamosi nimweleze mama uso kwa uso. Simu nilikuwa nayo. Sikupiga.

Alhamisi jirani ndiye aliyepiga. Mama alikuwa ameanguka katikati ya michai, kikapu mgongoni, na upande wa kushoto haukusikia kitu.

Hospitalini Embu daktari aliniuliza kama alikuwa akimeza dawa zake. Nikasema ndiyo, naye akaandika. Nilitazama kalamu yake ikienda, nikasubiri nihisi aibu au hofu. Nilichohisi ni njaa tu.

Dada alifika baada ya wiki mbili. Tulikuwa tukimwosha mama, yeye akimshika mabega, mimi nikipitisha kitambaa.

"Ni ule unga?" akauliza.

"Aliacha tembe."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Alimgeuza mama polepole, mgongo wa mama ukanielekea niusugue.

Dada hakurudi Amerika tena. Mama aliishi miaka minne zaidi, akiongea maneno nusu nusu ambayo dada peke yake aliyaelewa. Wanawake wa kanisa walipokuja kumwombea walimvuta dada kando, wakamuuliza kama bado ana dawa ile ya Wachina, maana walisikia hata Wazungu wanainywa. Aliwaambia imekwisha, akawaonyesha njia ya kwenda kliniki.

Tulimzika mama wakati wa mvua. Dada alilia hadi akashikiliwa. Mimi nilikuwa nikiwapangia wageni viti, na nilipomaliza nikavipanga upya.