Mioto Niliyoifuta

Siku yangu ya kwanza kazini sikupiga picha ya kitu chochote. Shefu wa picha, mzee mkali aliyetoka Goma, alinipa apareyi ya kupigia picha, akaniambia niifunike jicho kwa kifuniko chake kisha nibonyeze. Nilidhani ananifanyia mzaha. Mimi nilikuwa na studio yangu Masisi, nimepiga harusi na ubatizo miaka na miaka, na sasa shirika la misaada linaniajiri nipige giza.

"Unaona nini?" aliniuliza alipoifungua ile picha nyeusi kwenye ordinatere, kompyuta yake.

"Hakuna kitu, Shefu."

"Angalia muzuri. Ile nyekundu pale iko nini? Na ile nyeupe? Njo uchafu ya apareyi yako. Inawakaka yenyewe, hata mu giza."

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza. Picha ya usiku inataka jicho la apareyi likae wazi muda mrefu, dakika nne hata tano, na muda wote huo kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga kinapata joto. Joto huleta chenga, yaani punje punje zinazofanya anga lionekane kama ugali wenye madonge. Tena huleta vitone vinavyowaka mahali palepale kila mara. Hivyo tuliviita pikseli za moto. Dawa yake ilikuwa hii: ukimaliza picha, funika jicho, piga nyingine kwa muda uleule. Hiyo ya pili inaonyesha vitone vya apareyi peke yake, na hivyo tu ndivyo unavyoviondoa kwenye ya kwanza.

"Picha ya giza njo shahidi yako," shefu alizoea kusema. "Kama hauna shahidi, usifute kitu."

Nilifuata sheria hiyo Mpofi, kule Walikale, ambako joto la msitu lilizidisha vitone. Watu walikuwa wakinicheka: "Papa Foto, umefunga mashine macho, sasa itaona nini?" Niliifuata Kibabi pia, ingawa baridi ya vilima ilipunguza vitone na mimi nikaanza kujiona fundi. Shefu alipostaafu, nilikalia kiti chake. Kiburi nacho kikakaa.

Mwaka mmoja wa mvua nyingi, watu waliokimbia vita walijaa kwenye kilima kimoja karibu na Lushebere. Njia ya kupanda huko ilikuwa imefunikwa na udongo. Shefu wa ugawaji, aliyesimamia bashi, yaani maturubai ya kuezekea vibanda, aliniomba nipige picha giza likishaingia, nikiwa kilima cha pili. Kila nyumba huwasha moto wa kupika maharage, kwa hiyo mioto ingemwonyesha watu wamefika wapi.

Niliacha jicho wazi dakika nne. Mawingu yalikuwa yanakuja, batri imebaki moja, dreva anapiga honi. Sikufunika jicho. Nalisema wazi kwa sababu nimelificha muda mrefu: sikufunika, na hakuna aliyenizuia.

Kesho yake niliona vitone kumi na vinne juu kabisa ya kilima, mbali na vibanda nilivyovijua. Kwa umbali ule, kaa la moto na pikseli ya moto vinafanana kabisa. Nikasema hizi ni pikseli, nikavifuta kimoja kimoja. Picha ikatoka safi, nikaipenda.

"Huku juu hakuna bantu?" shefu wa ugawaji aliuliza.

"Hakuna."

"Ile picha ya giza, ulipiga?"

"Nilipiga."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilinifikisha hadi pensheni.

Bashi zilibebwa mabegani hadi chini na katikati ya kilima. Mvua ikanyesha wiki mbili. Kisha akaingia ofisini mama mmoja, Mama Riziki, nguo zimelowa, mtoto mchanga mgongoni akikohoa. Alisimama mbele ya ile picha safi tuliyoitundika ukutani, akaweka kidole juu, penye weusi.

"Hapa njo kwetu," alisema. "Moto yetu iko wapi?"

Shefu wa ugawaji alinigeukia. Nikasema apareyi imezeeka, inapoteza mwanga. Alinisadiki. Bashi zilipanda kesho yake, lakini mtoto alikuwa tayari ameugua mapafu. Alilazwa mwezi mzima. Alipona, ila kifua hakijawahi kuwa kizima.

Wiki ileile nilijifungia, nikaifunika apareyi jicho, nikapiga dakika nne. Kwenye sehemu ile vilitokea vitone vitatu. Vile kumi na kimoja vilikuwa nyumba za watu. Sikumwambia yeyote.

Siku ya kuniaga, wenzangu walinizawadia picha ileile safi ndani ya fremu. "Kazi yako bora," walisema. Niliwashukuru, nikaenda kuiweka chini ya kitanda.

Mwaka huu nilishindwa kuvumilia. Nilikwenda Kibabi, ambako Mama Riziki analima sasa, nikiwa na picha ya kwanza, ile chafu yenye vitone vyote kumi na vinne. Nilimwambia yote: kifuniko, uongo wa kwanza, uongo wa pili. Alipangusa mikono kwenye kitenge, akaichukua.

"Hii njo yangu. Hii ya Mama Neema. Hii ya ule muzee wa Walikale." Aliwataja wote kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine. Kidole kikasimama. "Lakini hizi tatu siyo za bantu. Huku iko mawe tupu, hakuna mwenye alilalaka pale."

Zilikuwa ni zilezile tatu. Hakuhitaji picha ya giza.

"Papa, udongo ilifunga njia ya motokari, siye tulikuwa tunashukaka na miguu kila siku kuchota maji. Juu ya nini haukutuuliza?"

Jibu nilikuwa nalo: mvua ilikaribia, batri ilikuwa moja. Nyuma ya nyumba binti yake, yule wa mgongoni, alikuwa akipura maharage, akikohoa, akipumzika, akiendelea.