Mlango Uliotazama Sebule

Swali la nesi lilikuwa jepesi, na Emiliana Ndahani alilijibu kabla halijaisha. Mama yake alikuwa akinywa lita mbili za maji kwa siku, alisema, mbali na chai ya asubuhi na ya jioni. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyezoea kutaja vipimo.

Nesi Aneth hakuandika kitu. Alishika ngozi ya mkono wa Bibi Tereza kwa vidole viwili, akaivuta juu, akaiachia. Ngozi ikabaki imesimama kidogo kabla ya kurudi mahali pake.

"Dada, huyu mama hajanywa lita mbili. Hajanywa hata nusu lita. Mkojo wake umekolea kama chai ya rangi, na homa yote hii inatokea huko huko."

Emiliana alimgeukia mama yake. Bibi Tereza, mwenye umri wa miaka sabini na tisa, alikuwa akilitazama tangazo la chanjo ukutani kwa makini, ingawa miwani yake alikuwa ameiacha nyumbani.

Kwa mtu mwingine lingekuwa jambo la kustaajabisha tu. Kwa Emiliana lilikuwa fedheha, kwa sababu ya kazi yake. Anachora ramani za nyumba katika ofisi ya chumba kimoja pale Makole, na kwa miaka sita watu wa Dodoma wamemfuata kwa shughuli moja hasa, nayo ni nyumba za wazee. Wengi hawalijui hata jina lake. Humwita yule dada wa vishikio. Yeye ndiye anayeondoa vizingiti na ngazi, akaweka mteremko ambao mtu mwenye gongo anaupanda bila kuhema. Kabla ya kuchora choo humkalisha mzee kitini, akapima kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti, maana choo kikiwa kifupi mno mzee hanyanyuki. Huuliza mkono gani una nguvu, ndipo aamue kishikio kikae ukuta upi.

Nyumba yake mwenyewe, huko Nkuhungu, ndiyo aliyowaonyesha wateja. Alimleta mama yake kutoka kijijini Handali mwaka juzi, baada ya bibi huyo kuanguka mara mbili akitoka chooni, choo chenyewe kikiwa mwisho wa shamba la mtama. Mwezi Februari chumba cha mama na choo chake vilikamilika. Alhamisi ya wiki ile ile ya homa, shirika moja la wazee lilikuwa lilete wageni ishirini waje kujifunza.

Waliporudi kutoka zahanati, Emiliana alimlaza mama yake, kisha akazunguka nyuma ya nyumba kufungua dirisha lililokuwa likikwama. Ulikuwa mwezi wa Septemba. Uwanja mzima ulikuwa vumbi jekundu, isipokuwa chini ya dirisha la mama, ambapo mipapai mitatu midogo ilikuwa imesimama na majani mabichi. Udongo ulikuwa na majani ya chai.

Akarudi ndani.

"Mama, chai ulikuwa unaimwaga?"

"Nilikuwa nainywesha mipapai."

"Mama!"

"Imeota vizuri. Si umeiona?"

"Kuna mtu kakuudhi humu ndani? Ni Meshack?"

Bibi Tereza alijiinua kwa kiwiko. Akaacha Kiswahili, akaingia kwenye Kigogo, kama afanyavyo jambo linapokuwa zito. "Usimtaje mkwe wangu. Mkwe wangu hana kosa hata moja. Aliyechora ni wewe. Nenda kakae kwenye kiti chake."

"Kiti kipi?"

"Kile anachosahihishia madaftari. Nenda ukakae."

Meshack, mume wa Emiliana, ni mwalimu wa sekondari. Kiti chake kiko sebuleni. Emiliana alikaa, akijisikia mjinga. Akasikia gongo likigonga sakafu, moja, mbili, kisha mama yake akatokea mlangoni pa chumba chake, amejifunga khanga, akijikokota kwa homa. Akapita mbele ya televisheni. Akaufungua mlango wa choo. Ulikuwa mlango mpana wa sentimita tisini, uliofunguka kwa nje ili mzee akianguka ndani aweze kutolewa. Kutoka kwenye kile kiti Emiliana aliona kila kitu: vishikio vinavyong'aa, ndoo, kopo, choo chenyewe kimemkabili kama kiti cha mgeni. Ili aufunge mlango ule, mama yake ilibidi ainame, anyooshe mkono hadi sebuleni, aukamate mpini, auvute.

Bibi Tereza hakuuvuta. Alibaki ameinama vile, mkono umenyooka.

"Sasa mweke mkwe hapo ulipokaa," alisema.

Emiliana alizaliwa Handali. Amemwona bibi yake mzaa mama akiacha njia na kuchutama nyuma ya kichaka, na mtungi kichwani, mpaka mkwe apite. Katika ndoa yake ya miaka kumi na tisa hajawahi kuwaona mama yake na Meshack wakipeana mkono. Wanaamkiana kupitia ukutani. Mmoja anasema shikamoo akiwa uani, mwingine anaitikia marahaba akiwa jikoni, na kila mmoja anatazama chini. Hayo yote aliyajua kama anavyolijua jina lake. Alipochora, hayakumjia hata kidogo.

"Ungesema, mama."

"Niseme kwamba nataka kwenda haja na mkwe yupo? Bora kunyamaza. Asiyekunywa hana haja ya kwenda."

"Lakini hiki chumba na choo vimepakana. Ningeweza kutoboa mlango huku huku chumbani."

"Ungeweza. Ulitaka kionekane."

Ilikuwa kweli. Katika mchoro wa kwanza mlango ulitokea chumbani kwa mama. Emiliana ndiye aliyeuhamishia sebuleni, ili mteja akikaribishwa soda akione choo bila kuingia chumba cha mtu, na ili picha zitoke vizuri. Mama yake hakuwahi kuuona mchoro ule. Wakati wote wa ujenzi alikuwa amekalishwa kitini, anapimwa goti.

"Jumapili nitarudi Handali," Bibi Tereza alisema.

"Utaanguka tena."

"Nitaanguka kwenye choo changu."

Meshack alirudi saa moja usiku, kama ilivyokuwa desturi yake tangu Machi. Emiliana alimsubiri getini. Aliogopa jibu kabla ya kuuliza.

"Ulijua kuhusu mama na choo?"

Meshack alihamisha mfuko wa madaftari kutoka bega moja hadi jingine. "Tangu wiki ya kwanza."

"Na hukuniambia!"

"Nikuambie nini, mama Jordan? Kwamba mkwe wangu anabanwa? Mimi nilitamke hilo kwa mdomo wangu?" Akatazama pembeni. "Nilidhani umeshaamua kwamba mambo hayo sisi tumeyaacha. Wewe ndiye mtaalamu. Basi nikawa nasahihishia shuleni. Wakati mwingine nakaa tu pale kwa muuza chipsi."

"Nilikwambia unamkimbia mama yangu."

"Ulinambia mbele ya dada yangu."

Alikuwa amemwambia hivyo Aprili, kwenye meza ya chakula, na kwa sauti. Meshack alikuwa ameendelea kula. Miezi yote ile alikuwa akimpisha mkwe wake awe na nyumba, bila kujua kwamba bibi, akiwa amejifungia chumbani, hakuwa na namna ya kutambua kama kiti kina mtu au hakina. Hivyo alijizuia kutwa nzima, mkwe awepo asiwepo.

Emiliana aliingia kwa mama yake bila kuwasha taa.

"Nipe mpaka Jumamosi."

"Uchore tena?"

"Nibomoe."

"Na ule wa sebuleni uuzibe kwa tofali," Bibi Tereza alisema. "Sitaki kufuli. Kufuli hufunguliwa."

Asubuhi Emiliana alimpigia mratibu wa shirika na kumwambia wageni wasije, kwa kuwa nyumba haijaisha. Mratibu akashangaa. Si alisema imekamilika tangu Februari? Emiliana alikuwa na maneno tayari, kuhusu bomba lililopasuka. Akayaacha.

"Nilikosea kuchora," alisema. "Mama yangu ameugua kwa sababu ya choo changu." Upande wa pili mtu alikohoa, kisha akasema pole, kwa namna ambayo watu husema wanapotaka simu ikatike.

Fundi Batholomeo, aliyejenga chumba kile, alifika na nyundo. Aliutazama mlango mpana, akamtazama Emiliana.

"Dada, si huu ndio uliniambia niurudie kwa sababu ya sentimita moja?"

"Ndiyo huu."

"Niliurudia na jua la saa nane."

"Nakumbuka, fundi. Bomoa."

Safari hii tundu la mlango lilichorwa kwa chaki kufuata gongo la Bibi Tereza. Alisimama kando ya kitanda, akaonyesha hapa, akabadili mawazo, akasogeza shubiri mbili kuelekea dirishani. Emiliana alijua kwamba hapo mlango ungegusana na kabati, na sheria zake zote zilikataa. Akasogeza kabati.

Jumamosi jioni kazi ilikuwa imeisha. Begi la Handali lilikuwa limefungwa, liko chini ya kitanda. Meshack alikuwa sebuleni na madaftari yake, kwa mara ya kwanza tangu masika. Bibi Tereza alikunywa kikombe kizima cha maji, akakaa, akangoja. Baadaye akainuka, akaingia kwenye mlango mpya, akaufunga. Emiliana akabaki nje ya mlango, mikono mbele, tayari kudaka.

"Emiliana."

"Abee, mama."

"Bado uko hapo?"

"Nipo. Usije ukateleza."

"Umenipima goti, umenipima mkono, sasa unataka kupima na nini? Ondoka. Mwambie mumeo awashe redio."

Uso ulimwaka. Alitoka hadi sebuleni na kumwambia Meshack awashe redio. Naye hakuuliza sababu. Aliiwasha, akaongeza sauti mpaka juu, na macho yake hayakutoka kwenye daftari. Emiliana alikaa karibu naye, ameukabili ukuta wa tofali pale palipokuwa na mlango, ambao haujapigwa lipu, wakasikiliza bei za mazao kwa sauti iliyotikisa vikombe kabatini.

Jumapili ilipita. Hakuna aliyeitaja Handali, na Emiliana aliona aibu kuuliza.